Ghala Liko Mikononi mwa Nani? Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Historia ya Chakula Ugogo

Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia historia ya chakula hapa Dodoma, katika Ugogo, nchi ya Wagogo, na kwa majirani: Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, Manyoni hadi Singida. Popote ninapofika, darasani, ndani ya basi au kilabuni kando ya ndoo ya pombe ya mtama, naulizwa mambo yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa yananiuma, na mengine kwa mistari michache tu.

Mwalimu, mwanahistoria anatafuta nini jikoni?

Shuleni tulifundishwa ukoloni kwa majina ya magavana na tarehe za mikataba. Mkulima wa Mvumi wa mwaka 1900 huenda hakumwona gavana maisha yake yote. Alichokiona ni askari aliyekuja kudai kodi akaondoka na mbuzi. Aliona kipimo kigeni dukani, mbegu ngeni shambani, na shemeji yake akichukuliwa kubeba mizigo wakati wa palizi. Ukitaka kujua dola ya kigeni ilimgusaje mtu yule, uliza alikula nini mwaka ule, alikipata kwa nani, na alitoa nini ili akipate.

Mimi swali langu ni hilo moja, ninalizungusha tu kila upande: ghala liko mikononi mwa nani? Ugogo jibu lake lilibadilika ndani ya umri wa mtu mmoja. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1860 aliona wageni wakija kununua nafaka kwa wazazi wake kwa unyenyekevu. Akiwa mzee wa miaka 60 aliona wajukuu zake wakisubiri nafaka ya wageni.

Nimesikia hongo zamani haikuwa rushwa. Ni kweli?

Ni kweli, na hapa ndipo ninapopenda kuanzia.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, na kuendelea hadi Ujiji, ilikuwa na mamia ya watu, mingine zaidi ya elfu. Watu hao wote walihitaji kula kila siku. Walipotoka Mpwapwa walivuka Marenga Mkali, pori la maji machungu. Walipoiacha Ugogo upande wa magharibi walikabiliwa na Mgunda Mkali, pori jingine la kutembea siku kadhaa kabla ya kuingia Unyamwezi. Kati ya mapori hayo mawili ndipo palipokuwa na visima na nafaka, na vyote viwili vilikuwa na wenyewe.

Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ulipiga kambi, wajumbe wakaenda kwa mtemi, wakajadiliana siku moja, mbili, hata zaidi. Ililipwa kwa doti, yaani vipande vya kitambaa: merikani, kile kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani, kwa kaniki ya India, kwa shanga na nyaya za shaba. Ambaye hajalipa alikuwa na shida kisimani na shida sokoni. Henry Morton Stanley alipita Mvumi mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akalipa, na alilalamika sana kuhusu malipo hayo. Ukisoma malalamiko ya wasafiri wa Ulaya utadhani Wagogo walikuwa wanyang'anyi. Mimi nasoma habari ya wenye nchi waliojua thamani ya maji na mtama wao.

Wakoloni walipoikamata njia, hongo ikakatazwa na kodi ikawekwa mahali pake. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwishoni mwa miaka ya 1890. Aliyekuwa akipokea malipo akageuka kuwa mlipaji, na lile neno lake likaachwa litumike kwa jambo la aibu. Kila nikisikia mtu anakemea hongo redioni namkumbuka mtemi aliyekaa chini ya mbuyu akihesabu doti.

Na posho?

Posho ilikuwa chakula cha mpagazi kwa siku. Kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, yaani pungufu ya kilo, na vibaba vinne vilifanya pishi. Waliokuja baadaye, wenye mashamba ya mkonge na wajenzi wa reli, waliendeleza utaratibu huohuo wa kumpimia mfanyakazi nafaka yake. Uganda mpaka leo posho ni ugali wenyewe. Kwetu imekuwa fedha ya kikao. Dodoma, mji wa Bunge, hakuna siku inayopita bila neno hilo kutamkwa, na limetembea njia hiihii kwa miguu, kibaba mkononi.

Mahindi si chakula chetu cha asili?

Yalitoka Amerika pamoja na muhogo na karanga, na yaliletwa pwani yetu enzi za Wareno. Jina lenyewe linayahusisha na India, kwa sababu watu wa pwani walikipa kila kigeni kilichokuja kwa jahazi jina la upande lilikotokea jahazi. Nafaka za zamani za nchi hii kavu ni mtama na uwele, na jamii ya kunde ya asili ya Afrika ni njugu mawe.

Lakini tusiharakishe kusema mahindi ni zao la mkoloni. Stanley alipoorodhesha vyakula vilivyoletwa kambini kwake Mvumi alitaja maziwa mabichi na ya mgando, asali, samli, maharage, mtama, uwele, mahindi, karanga, matikiti, maboga na matango. Ona hapo: mahindi na karanga vilikwishafika Ugogo kabla ya Mjerumani kuweka boma lolote. Wakulima wetu walivipokea wenyewe, wakavipanda pembeni kidogo, wakaviacha uwele na mtama vibebe mzigo wa mwaka. Kwa mvua ya Dodoma, ambayo kwa wastani ni milimita 550 hadi 600 tu na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, huo ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili zake.

Kilichobadilika baadaye ni nafasi ya mahindi mezani. Yakawa chakula cha kambi, cha shule ya bweni, cha jela, cha jeshi. Chakula cha mahali popote ambapo serikali inalisha watu wengi kwa mara moja. Baada ya uhuru Shirika la Taifa la Usagishaji liliyasambaza nchi nzima. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulipolazimisha nchi kuagiza nafaka kwa wingi, na tena miaka ya shida iliyofuata, watu walikula unga wa njano walioubatiza yanga. Watu wa umri fulani ukiwatajia yanga tu, wanacheka kwanza, kisha wananyamaza.

Kuna sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana: ndege. Kwelea kwelea wanaweza kulimaliza shamba la uwele asubuhi moja. Zamani watoto walishinda juu ya vichanja wakipiga kelele na kurusha udongo kwa kombeo. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipopamba moto mwaka 1977, watoto wakaenda shule, kama ilivyostahili, na shamba likabaki bila mlinzi. Hindi limefunikwa na maganda yake. Ndege wadogo hawaliwezi kirahisi. Mama mmoja wa Bahi aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba aliacha uwele mwaka ambao mwanawe wa mwisho alianza darasa la kwanza. Hakuna waraka wowote wa serikali uliowahi kunieleza mabadiliko ya chakula vizuri hivyo.

Kwa nini Dodoma inasifika kwa njaa? Wagogo ni watu wa njaa?

Swali hili naulizwa na wanafunzi Wagogo wenyewe, wengine wakiangalia chini. Nalijibu nikiwa nimesimama.

Nchi hii ina ukame, na wazee hawakuwahi kuficha. Kwa sababu hiyo walijenga maisha yao kwa tahadhari. Kihenge cha nafaka kilikaa ndani ya tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, mahali pakavu na salama. Ng'ombe walikuwa akiba: mwaka mbaya ulimpeleka ng'ombe kwa jamaa au rafiki aliyebahatika na mvua, ukarudi na nafaka. Mifugo yenyewe iligawanywa kwa ndugu wa mbali ili ukame wa sehemu moja usimalize yote. Halafu ikaja sotoka ya miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe, na ikawakuta watu wakiwa wanaingia chini ya utawala mpya.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyovunja kilichobaki. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, yakiongozwa na Jenerali van Deventer, yaliteka Kondoa, na mwisho wa Julai yakaingia Dodoma. Nayo yakataka ng'ombe, nafaka na wapagazi, kwa watu walewale waliokwisha kukamuliwa. Mafua makali yaliyoizunguka dunia mwaka 1918 yakafika. Mwishoni mwa mwaka huohuo mvua zikakosekana.

Njaa iliyofuata, ya 1918 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Jina hilo hufasiriwa kuwa kugombania, kunyang'anyana. Inakadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa wapatao 30,000. Ni mmoja katika kila watano. Jaribu kuhesabu watu wa nyumbani kwako kwa vidole vya mkono mmoja, halafu ukunje kidole kimoja.

Mvua ilikosekana miaka mingine mingi kabla ya hapo na watu hawakufa kwa kiasi hicho. Safari hii ukame uliwakuta hawana ng'ombe wa kubadilisha, hawana wanaume wa kulima, na vihenge vimekwisha fagiwa. Maofisa waliokuja baadaye walikuta watu dhaifu wanaosubiri msaada, wakaandika kwamba njaa ni hali ya kawaida ya Ugogo. Sifa hiyo ikaingia kwenye majalada, ikatoka kwenye majalada ikaingia kwenye utani wa mitaani Dar es Salaam, na bado mtoto wa Chamwino anaibeba. Ni deni la vita ya watu wengine. Mwaka 1871 babu zake walikuwa wanauza chakula.

Kongwa kulitokea nini hasa?

Ni ule mpango wa karanga, na safari hii njaa ilikuwa ya Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula na majarini. Watu wa London walikuwa wakipimiwa chakula kwa kadi, na mwaka 1946 hata mkate ukaingizwa kwenye kadi. Ndipo likaja wazo la kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa bajeti ya pauni milioni 25; hapa kwetu ilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu walizunguka kwa wiki chache tu mwaka 1946, sehemu ya safari wakiwa angani kwenye ndege, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa.

Nenda Kongwa mwezi wa nane uchukue donge la udongo ule mwekundu. Nilifanya hivyo mara ya kwanza nikiwa na mkulima mwenyeji. Alinipa jembe, akaniambia piga. Jembe liliruka kama limegonga sementi, mkono ukafa ganzi mpaka kiwikoni. Akasema, "Karanga ikiwa humo ndani, utaitoaje?" Swali hilo la mzee mmoja lingetosha. Karanga huzaa chini ya ardhi. Mvua ikikatika udongo unagota na karanga inabaki imefungiwa. Matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita, yalikwama kwenye vichaka na mibuyu. Visu vya kukatia mizizi viliisha kwa mchanga mkali. Nyuki waliokuwa kwenye mapango ya mibuyu waliwafukuza madereva. Maji yalikuwa machache na mvua ikawa ile ya siku zote, ya leo ipo kesho haipo.

Mpango ulifutwa Januari 1951, baada ya kupoteza kama pauni milioni 36. Hata alizeti ilijaribiwa pale Kongwa karanga ziliposhindikana, nayo ukame haukuipa nafasi. Sasa angalia barabara ya Dodoma hadi Singida leo: madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya njia. Yamekamuliwa kwa mashine ndogo, kutoka mashamba ya ekari mbili tatu za watu wanaojua lini wapande. Mmea ni uleule wenye asili ya Amerika ya Kaskazini. Tofauti ni nani anaamua.

Zabibu nazo?

Wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana walizipanda kwa ajili ya divai ya misa, na nchi ikazipenda. Sasa ziko Makutupora, Hombolo, Mpunguzi na kwingineko, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Maneno yake peke yake ni somo: zabibu ni la Kiarabu, mvinyo ni la Kireno, divai limetokana na Kifaransa. Ninachokitafuta kwenye zabibu ni kisa cha mkulima. Shamba la zabibu ni zao la fedha kwenye nchi ambayo fedha hailiwi mvua ikikosekana, na wakulima wengi wa Hombolo wana zabibu upande mmoja na uwele upande wa pili. Wanakumbuka.

Chapati, chai, wali, sambusa?

Vilikuja na reli pamoja na maduka. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Duka la Mhindi karibu na stesheni likauza sukari, majani ya chai na unga wa ngano. Uji wa asubuhi ukaanza kuitwa chai hata pasipo na jani la chai ndani yake. Habari hii inafanana karibu kila mji wa reli, kwa hiyo siikalii sana.

Mlenda ni chakula cha umaskini?

Hapana, na naomba uache kuuita hivyo mbele ya watoto.

Nilikaa na bibi mmoja wa Mvumi nikamtazama akiupika. Majani alikuwa ameyachuma porini wakati wa masika, akayaanika, akayatwanga, akayahifadhi kwenye kibuyu. Ilikuwa Oktoba, nje hakuna hata jani moja la kijani. Alichemsha maji, akatia magadi kidogo, akachota unga wa mlenda kwa ncha za vidole na kuunyunyiza huku mkono mwingine ukizungusha upekecho. Akaongeza karanga zilizotwangwa. Kabla sijamaliza kuandika jina la mti wa ule upekecho, mboga ilikuwa tayari. Ugali wa uwele ni mzito na mkavu kidogo kooni, mlenda unauteremsha. Viwili hivi vilitengenezwa kimoja kwa ajili ya kingine, na vyote vinakaa mwaka mzima bila friji.

Waliosema ni chakula cha maskini ni wale waliojifunza kwamba mboga ni kabichi.

Ushahidi unaupata wapi, ilhali wazee hawakuandika?

Majalada ya Wajerumani na Waingereza yapo kwenye Nyaraka za Taifa, pamoja na vile vitabu vya wilaya ambavyo maofisa walijaza habari za mvua, bei na njaa. Navisoma, kisha nauliza aliyeandika alikuwa anataka kumwambia nini mkubwa wake. Zaidi ya hapo nategemea maneno, nyimbo za kutwanga, majina ya miaka mibaya, na vyombo.

Mfano ni debe. Mzee mmoja wa upande wa Kibaigwa alinionyesha madebe mawili ya mafuta ya taa. Ukiyaweka pamoja yanalingana kabisa. Akayapindua: moja kitako kimetunishwa nje, jingine kimebonyezwa ndani. La kwanza mfanyabiashara alilitumia kununua nafaka kwa mkulima baada ya mavuno. La pili alilitumia kumuuzia mkulima yuleyule mwezi wa pili, njaa ikiwa imeingia. Anayelalamikia lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, leo anafahamu vizuri ninachosema. Hakuna jalada lililowahi kuandika kuhusu kitako cha debe.

Kwa hiyo unataka turudi kwenye uwele?

Sina mamlaka ya kumpangia mtu chakula, waliojaribu nimeshawataja. Nyumbani kwangu tunakula uwele mara mbili au tatu kwa wiki kwa sababu tunaupenda.

Bibi yangu ana zaidi ya miaka 80. Nianze kumuuliza nini?

Usianze na "tueleze historia". Mwombe ruhusa ya kurekodi, halafu muulize siku ya kawaida utotoni: nani aliamka wa kwanza, moto uliwashwa kwa nini, walisaga kwa jiwe au kwa mashine, na mashine ya kwanza ilikuwa umbali gani. Muulize majina ya miaka ya njaa, na kila jina walikula nini porini. Muulize mara ya kwanza kuonja sukari. Muulize mama yake alipima nafaka kwa kibaba, kwa pishi au kwa debe, na nani alishika kipimo.

Akitaja mmea kwa Kigogo au Kirangi, andika hivyohivyo, usiutafsiri papo hapo. Kama bado ana jiwe la kusagia, lipige picha na uandike lilitoka kilima gani. Na ukishamshukuru usizime simu, msaidie kazi kwanza. Mara nyingi habari yenyewe huanza maji ya ugali yakishachemka.